Ulituambia Unawaza

Ajiambo,

Sianzi na "mpendwa". Wengine waanze hivyo. Mimi bado nimekasirika.

Emmanuel amelala, Blessing yuko shule mpaka saa sita, na birika ya pili haijachemka. Nina kama nusu saa. Nimechana karatasi katikati ya daftari la Blessing, lile la kuandika namba, kwa hivyo usishangae mistari ni mipana kama barabara. Hii barua nimeianza kichwani mara tatu nikisukuma chapati, na mara zote tatu ilianza na matusi. Leo nimetulia kidogo. Kidogo tu.

Mwaka mzima, Ajiambo. Ulijua mwaka mzima.

Wacha kwanza nikupe habari za hapa, maana hata mtu ukimkasirikia unamwambia habari. Malaba ni ile ile. Trela zimepanga foleni mpaka nyuma kule, madereva wanataka chai yenye tangawizi na wanalalamika tangawizi ni nyingi. Pale kwa veranda ulipokuwa unakaa na cherehani yako kubadilisha zipu za mabegi, sasa kuna mama anauza kava za simu. Ni mtu mzuri. Simsalimii. Najua si makosa yake, lakini mguu wangu ukifika hapo unaongeza mwendo. Emmanuel ametoa meno mawili na ananiuma nikimnyonyesha. Blessing ameanza PP1 ya chekechea, na siku ya kwanza alilia mpaka mwalimu akaniita nirudi. Ananifuata mimi, huyo. Damu ya aibu.

Wewe unajua nilivyokuwa. Nikichelewa kanisani nilikuwa narudi nyumbani, kuliko niingie watu wageuze vichwa. Kliniki nilikaa na Blessing mgongoni kutoka asubuhi, nesi akaita jina langu vibaya, nikashindwa kusema "ni mimi", na foleni ikanipita. Nilirudi nyumbani mtoto hajachanjwa. Mume wangu aliuliza kwa nini, nikamwambia dawa iliisha. Nilikuwa mwongo wa aina hiyo. Mwongo wa kuogopa watu.

Halafu ile siku ya kiatu. Nilikuja kwa Mzee Ekirapa kuchukua kiatu changu alichokuwa ameshona, nikakuta mnacheza drafti kwa ile benchi yake, wewe na dereva mmoja wa trela kutoka Mombasa, mtu mwenye tumbo na maneno. Wewe ulikuwa na vifuniko vya soda, yeye vya bia. Kelele zote zilikuwa zake.

"Mama, leo unavuka mpaka bila kitambulisho! Leo nakupeleka Tororo kwa miguu!"

Wewe hata kichwa hukuinua. Ukasukuma kifuniko kimoja mbele, polepole, kama mtu anayetoa sadaka. Akakila, kwa sababu sheria ni ukiweza kula lazima ule. Kumbe ulikuwa umemfungulia mlango wa shimo. Ukakula vyake vitatu mfululizo, tap, tap, tap, ukafika mwisho wa bodi ukawa kingi, mfalme wa bodi. Ndiyo ukasema, kwa ile sauti yako ya mtu anayeongea na sindano, "Basi nisalimie watu wa Tororo."

Watu walianguka. Mimi nilicheka kwa sauti mpaka nikageuka kuona ni nani amecheka hivyo.

Dereva akaitwa kusogeza trela lake, nafasi ikabaki wazi. Uliangalia miguu yangu, si uso. Ukasema, "Kaa. Shika za soda."

Nilikaa. Sikujua hata mwelekeo wa kusukuma. Ulinimaliza mara tano hiyo saa moja na hukuniuliza mimi ni mke wa nani, wala natoka wapi, wala mbona siongei. Nilirudi siku iliyofuata na chupa ya chai, nikijifanya nimekuja kuuza.

Kuna kitu nimekielewa baadaye, na ninakuandikia kwa sababu hukuwahi kukisema, ulikuwa unakifanya tu. Mtu mwenye haya shida yake si mdomo. Shida ni macho ya watu. Ukimweka mbele ya watu wakimwangalia, hata jina lake analisahau. Lakini kwa drafti macho ya kila mtu yako chini kwa bodi, mikono ina kazi, hakuna anayekungoja useme kitu. Basi maneno yanatoka yenyewe, kama jasho. Ouma wa boda, na kile kigugumizi chake, akipeleka abiria hawezi kusema "Amagoro" mara moja. Lakini akishika vifuniko anakutusi sentensi nzima bila kukwama. "Wewe mama chapati, leo nakupika bila mafuta!" Moja kwa moja! Wa kwanza kushangaa alikuwa yeye mwenyewe.

Kwa ile bodi nilikuambia mambo sijawahi kuambia mama yangu. Nilikuambia kuhusu ile mimba iliyotoka kabla ya Emmanuel. Ulikuwa umeshika kifuniko hewani. Ulikiweka chini, ukasema, "Pole sana." Halafu, "Cheza, Mama Blessing. Ni zamu yako." Watu wangapi waliniambia ni mpango wa Mungu, nikataka kuwarushia kitu. Wewe uliniambia ni zamu yangu, na nililia hapo hapo nikicheza, na hakuna aliyeniangalia.

Baada ya mwaka nilikuwa mtu mwingine. Kliniki na Emmanuel, mwanamume mmoja akaingia mbele ya akina mama wote, nikasikia mtu anasema, "Baba, foleni inaanzia kule." Nikatafuta nani amesema. Ilikuwa sauti yangu ya drafti, imenifuata mpaka kliniki.

Kwa hivyo sisemi hukunisaidia. Ndiyo maana nimekasirika hivi. Ungekuwa mtu wa kupita tu, ningelia wiki moja nikaachia hapo.

Sasa tuje kwa ile sheria.

Unaikumbuka vizuri, uliipenda kuliko sisi wote. Mzee Ekirapa aliiweka kwa sababu watazamaji walikuwa wanafundisha wachezaji: mtu akiwaza, mwacheni awaze. Ukimsemesha, unatoka kwa benchi. Na sisi watu wa aibu tuliishika hiyo sheria kama amri ya kanisa, maana ilikuwa inatulinda. Hakuna wa kukuharakisha. Hakuna wa kukuuliza "mbona umenyamaza?" Mahali pengine duniani kunyamaza ni kosa. Hapo kwetu ilikuwa heshima.

Halafu wewe ukaanza kuwaza sana.

Sisi tuliona, Ajiambo! Usifikiri hatukuona. Ulikuwa unafunga macho, mkono wa kushoto umeubana chini ya kwapa, jasho juu ya mdomo na jua halijatoka. Dakika mbili, dakika tatu. Na sisi tumekaa kama watu wa kanisa wakati wa sala. Ouma siku moja alifungua mdomo, Mzee akamnyooshea nyundo. "Wewe! Mwache Mama Nabwire awaze." Na wewe ukasema, bila kufungua macho, "Ndiyo, nawaza." Ukafungua, ukasukuma kifuniko mahali ambapo hata Blessing hangesukuma, nikakula viwili nikashangilia. Nilishangilia! Niliruka na mtoto mgongoni nikisema leo bingwa ameanguka. Wewe ulikuwa unakufa mbele yangu, mimi nikidhani nimekuwa hodari.

Nikilala naliona hilo. Nikiamka naliona.

Ungesema neno moja. Sisemi hotuba. "Naumwa." Basi. Ningekupeleka hospitali na hawa watoto wawili, mmoja mgongoni mmoja mkononi, ningesimama kwa foleni ningepiga kelele, sauti wewe mwenyewe ulikuwa umenipa. Ulinipa sauti ukakataa kuitumia. Ni kama umenunulia mtu mwavuli, halafu ukatembea naye kwa mvua ukiwa nje.

Siku ulipoanguka kwa cherehani, tulikubeba mimi na yule jirani anayeuza omena, wale dagaa, na Ouma, na ulikuwa mwepesi mpaka Ouma akasema, "Huyu mtu a-a-amebaki nguo." Daktari aliuliza uvimbe wa titi umekuwepo kwa muda gani. Nilisema, hapana, hana uvimbe. Nilibishana na daktari! Nilimwambia mimi namjua, tunakaa naye kila siku. Alifungua shuka akanionyesha. Wewe uligeuza uso ukutani.

Wiki tano. Hizo ndizo ulitupa. Na hizo wiki tano pia uliongea kuhusu zipu ambazo hujamaliza.

Dada yako ndiye aliniambia pale mazishini, kwenu Matayos, tukiosha sufuria. "Alijua tangu mwaka jana. Alikuwa ananiomba vitambaa vya zamani vya kuweka kifuani, akinikataza nisiseme." Nilimuuliza kwa nini hukusema. Akasema, "Alikuwa anaogopa kuvua nguo mbele ya daktari mwanamume. Alisema ataenda akizoea hilo wazo."

Akizoea hilo wazo. Niliacha sufuria ikaanguka.

Halafu walikuzika pembeni, karibu na ua, ati kwa sababu hakuna mwanamume aliyekuja kukutolea ng'ombe wa mahari. Baba wa binti yako Nabwire tangu avuke kwenda Uganda hata salamu hajatuma. Hilo nalo lilinichoma, lakini subiri, kuna mbaya zaidi, na hili ni letu sisi, si la kaka yako aliyechagua hapo pembeni.

Mwenye kushika maiki aliita, "Marafiki wa Malaba, mko wapi? Dakika mbili tu!" Tulisimama watatu, Mzee Ekirapa, Ouma, na mimi. Tulikuwa tumepanga vizuri njiani. Mimi niseme ulivyonipokea, Ouma aseme utani wako, Mzee amalize. Tukafika mbele. Ajiambo, watu walikuwa wengi, na wote walikuwa wanatuangalia. Hakuna bodi. Mikono haikuwa na kazi. Ouma alishika maiki akasema "A-a-a", akanipa. Mimi niliona nyuso tu, zimejaa mpaka kwa mikaratusi. Nikampa Mzee. Mzee akasema, "Alikuwa anacheza vizuri," akarudisha maiki.

Nilisikia mama mmoja nyuma anauliza, "Alikuwa anacheza nini?" Na mwingine akacheka kwa leso.

Ndiyo kaka yako Wandera akachukua hiyo maiki akasema mbele ya kaburi lako, "Mmeona wenyewe. Dada yetu alikuwa mtu wa peke yake. Hakuwa na watu."

Hakuwa na watu! Na sisi watatu tumesimama hapo, tumevaa nguo za Jumapili, kama viti ambavyo vimesahauliwa. Hiyo hasira nilirudi nayo Malaba. Sikujua niipeleke kwa nani, nikamgombeza Blessing kwa sababu ya kijiko.

Lakini nilikuwa nimemwona Nabwire. Alikaa chini karibu na jeneza, miaka kumi na moja, mikono katikati ya magoti, na kila aliyekuja kumpa pole alikuwa anainamisha kichwa tu. Hakulia. Hakusema neno. Wanawake walikuwa wanamsifu. "Mtoto mtulivu, kama mamake." Wanasifu! Mimi nilikuwa nataka kupiga nduru. Nilimwona amefunga macho, nikajiambia, huyu naye ameanza kuwaza.

Siku ya tatu baada ya mazishi ni siku ya kunyoa nywele, unajua kwenu inavyokuwa. Watu wa boma wananyoa, halafu wanakaa chini wanasema marehemu ameacha nini na watoto wanabaki na nani. Si mahali pa mgeni. Si mahali pa mwanamke wa kabila la Teso kutoka Malaba na mtoto mgongoni. Nilienda. Dada yako alikuwa amenidokeza kwa simu kwamba Wandera ameshaamua: Nabwire anaenda Khunyangu kwa shemeji yake mwenye hoteli. "Atasaidia kushika mtoto. Shule hata huko ziko." Sote tunajua hiyo "shule hata huko ziko" inaishia wapi. Inaishia kwa karai la vyombo.

Nilikaa nyuma kwa nyasi. Wandera aliongea vizuri, si mtu mbaya, wacha nimpe haki yake. Ana watoto sita na nyumba moja. Alisema, "Na huyu msichana mwenyewe hana mdomo. Mwalimu anamuuliza swali anaangalia dirisha. Shule itamfanyia nini mtu hana mdomo?" Nabwire alikuwa pale pale. Alikuwa anasikia.

Nikasimama. Nikaangalia nyuso, zikawa zile zile za siku ya mazishi. Basi nikafanya kitu cha kijinga. Nikaangalia viatu. Viatu vya Wandera, vyeusi, kimoja kimefungwa na kamba ya mkonge. Malapa ya mama yako, ambaye sasa namwita Kukhu, yaani nyanya, kama Nabwire anavyomwita. Viatu vya wazee, vimepangwa pande mbili, na nafasi katikati. Niliviangalia kama bodi. Na maneno yakaanza.

Nilisema mimi ni mtu wa Malaba. Nilisema Ajiambo alikuwa na watu, na mimi ni mmoja, na siku ya mazishi tuliaibika, hatukuwa tumekosa la kusema. Nilisema hata mimi sikuwa na mdomo, na mlionizika... unaona, hata sasa naandika vibaya, mliyemzika ndiye aliyenipa. Nilisema huyo mtoto abaki hapa kwa Kukhu, aendelee na shule yake, na Jumamosi nitakuja mwenyewe kumchezesha drafti mpaka aongee.

Halafu Wandera akauliza, "Mama, samahani. Wewe ni wa ukoo gani?"

Nikasema, "Wa drafti."

Sikupanga. Ilitoka tu. Mzee mmoja alicheka mpaka akakohoa, na Kukhu akapiga mkono kwa goti akasema, "Basi huyo ni wa baba yake Ajiambo! Huyo mzee aliniacha na ugali umepoa miaka thelathini kwa sababu ya drafti!" Ndipo nikajua ulikoutoa huo mchezo. Hujawahi kuniambia ni baba yako aliyekufundisha. Nilijifunza baada ya kukuzika. Sijui ni mambo mangapi mengine utaniachia nijifunze hivyo.

Wandera alisema sawa, abaki mpaka mwisho wa muhula, waone. "Akiendelea hivi, anaenda." Ndiyo hukumu. Ndiyo ninayoipigania tangu hiyo siku.

Nimeenda Jumamosi saba. Narudi nimechoka hadi chapati za Jumapili zinatoka pembe tatu, na mume wangu ananiuliza, "Huyo mtoto ni wako?" Namwambia ndiyo, nyamaza, kula. Jumamosi ya kwanza nilichora bodi kwa makaa kwa sakafu ya veranda ya Kukhu. Nabwire alicheza saa mbili bila neno. Anacheza kama wewe, anakufungulia mlango wa shimo. Ya pili, bila neno. Ya tatu alinimaliza, nikajifanya nalia, akatabasamu na upande mmoja wa mdomo. Ya nne, Ouma alinileta na boda yake, akakaa kucheza naye, na maneno yake yote. "Wewe ka-mtoto, leo nakutuma Busia kununua chumvi urudi kwa miguu!" Nabwire akasukuma kifuniko, akala vitatu, akasema, "Ukifika Busia niletee na sabuni."

Ouma aliinuka akaenda nyuma ya choo. Alirudi macho mekundu, akasema ni vumbi.

Tangu hapo yamefunguka kidogo kidogo. Mwalimu wake amemwambia Kukhu kwamba wakati wa mapumziko wasichana wanachora bodi chini ya mti wa nyuma, na Nabwire ndiye anayewafundisha, na juzi aligombana na mmoja kwa sababu ya kudanganya. Aligombana! Kukhu aliniambia kama mtu anayeleta habari mbaya. Nilimkumbatia.

Na kwa benchi ya Mzee Ekirapa tumeondoa ile sheria. Mimi ndiye niliyeiondoa. Mzee alinuna siku mbili. Sasa mtu akinyamaza sana tunamuuliza, "Unawaza au unaumwa?" Dereva wa Mombasa aliulizwa hivyo wiki iliyopita, akakasirika, halafu akasema kwa kweli mguu unamwaka moto kila akikanyaga breki. Tulimpeleka kwa daktari tukiwa wanne, kama watu wa harusi.

Sasa lile lililonifanya nichane karatasi leo. Jumamosi iliyopita tulikuwa wawili tu, Nabwire na mimi. Emmanuel amelala kwa mkeka. Ilikuwa zamu yangu. Akaniuliza, akiangalia bodi, "Anti, mama alikuwa anajua?"

Umeona ulichoniachia? Umeona, Ajiambo? Hilo swali lilikuwa lako. Ulikuwa na wiki tano za kulijibu, ukaliacha liningoje mimi kwa veranda ya mama yako. Nilitaka kusema hapana. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, ule wa "dawa iliisha". Nilishika kifuniko mpaka kikanikata kidole.

Nikasema, "Ndiyo. Alijua."

"Mbona hakusema?"

"Aliona haya. Alikosea. Alikupenda sana, na alikosea sana."

Aliwaza. Sikumwacha awaze. Nikamuuliza, "Nabwire, unawaza au unaumwa?"

Akasema, "Naumwa." Hivyo tu, kama mtu anayetaja jina lake. Akasema tumbo linamuuma kila asubuhi kabla ya shule, tangu uanguke, na hajamwambia Kukhu kwa sababu Kukhu ana huzuni yake. Akasema usiku anajishika kifuani kuangalia kama na yeye ana uvimbe.

Miaka kumi na moja, Ajiambo. Anajishika kifuani.

Nilimvuta kwangu, vifuniko vikaenda kila mahali, na ndipo alilia. Kwa mara ya kwanza tangu ufe. Alilia kwa sauti mpaka Kukhu akaja kutoka jikoni na mwiko, Emmanuel akaamka akamsaidia kulia. Mimi nilikuwa nakutukana wewe moyoni na kukushukuru kwa pumzi moja, kwa sababu ulimzaa mtoto anayeweza kusema neno uliloshindwa wewe.

Kesho nafunga kazi ya chai. Nampeleka kliniki, Kukhu amekubali, na Wandera nimempigia simu mimi mwenyewe, nikamwambia sababu, bila kupunguza. Nikamuuliza kama yupo. Akasema, "Nipo. Ajiambo naye angeniambia, Mama Blessing. Mimi ni kaka yake." Sauti yake ilikuwa imevunjika. Sasa nimejua si mimi peke yangu niliye na hasira na wewe.

Chai inachemka, nasikia mfuniko unaruka. Nimalize.

Sijakusamehe. Labda nitakusamehe huko mbele, mimi sijui ratiba ya hayo mambo. Nakukosa mpaka mikono inauma. Nikishinda hakuna wa kunikejeli vizuri. Lakini hii ndiyo ahadi yangu, na nimeiandika kwa kalamu si kwa penseli ya Blessing: mwisho wa muhula, boma lenu likikaa tena, sitangoja niitwe. Nitasimama wa kwanza, na Nabwire atasimama kando yangu, na kama atataka kusema ataongea mwenyewe. Akipimwa, nitakuwa mlangoni. Akianza kuwa mwanamke na ana aibu ya mwili wake, mimi ndiye nitakayemwambia avue, aonyeshe, aulize, na kama daktari ni mwanamume nitasimama katikati. Blessing nitamfundisha hivyo hivyo. Hakuna msichana wangu atakayekufa kwa adabu.

Pumzika, rafiki yangu. Pale pembeni walipokuweka nimepalilia. Usifikiri ni upole, magugu yalikuwa yananiudhi.

Ni mimi,
Mama Blessing, Malaba